Kiti cha Mia Nne na Ishirini

Mimi ni mwenye viti. Temeke Mikoroshini,
ukipata harusi au msiba, ulizia
Chande wa Maturubai.
Siku ya Mashujaa nilipewa tenda ya Mnazi Mmoja:
viti mia nne na ishirini, vyeupe,
na vya mbele vivishwe vitambaa, fundo mgongoni.

Shukrani ilianza saa tatu.
Ilikuja na spika mbili, na jenereta la akiba,
na mshereheshaji mwenye suti ya rangi ya maziwa
aliyesema "mashujaa wetu" mara kumi na saba
(nilihesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu)
na kila mara aliwatazama wapiga picha.
Wazee walikaa safu ya nne.
Safu ya kwanza ilikuwa ya wenye kushukuru.

Maji ya chupa yaliishia safu ya tatu.

Saa saba uwanja ulibaki na karatasi na kunguru.
Vijana wangu wakakusanya, wakapanga kumi kumi.
Nikahesabu: mia nne na kumi na tisa.
Nikahesabu tena.

Kilikuwa kule, katikati ya jua, na mtu juu yake.
Koplo mstaafu Nachihangu, kofia magotini,
medali tatu zinaning'inia kama funguo
za nyumba aliyokwisha kuhama.

"Mzee, watu wamekwenda."
"Tuliambiwa tukae. Tutapewa mkono mmoja mmoja."
"Na nani?"
"Yule wa maziwa."
"Gari lao limeondoka."
"Nimeliona. Lakini amri hufutwa na amri,
haifutwi na vumbi la gari."

Nikachuchumaa. Sikuwa na neno langu,
nikaokota lililotapakaa uwanjani asubuhi nzima:
"Asante, mzee."

Akanitazama kama anayekagua bunduki ya kuruta.
"Asante ni neno la aliyepokea.
Wewe umepokea nini?"

Hilo mshereheshaji hakuulizwa.
Nikapekua moyoni kama mtu anayetafuta chenji.
Nilizaliwa mwaka ule wa vita,
uchungu ulimkuta mama kwenye foleni ya sukari.
Baba alikuwa na Leyland moja. Taifa likaiomba,
akaitoa na tangi limejaa.
Ilirudi haina milango, naye hakuuliza.

"Nimepokea lori lisilo na milango," nikasema.

Akacheka mpaka medali zikagongana.
"La kijani?"
"La bluu."
"Kule Masaka yote yalikuwa rangi ya tope.
Nililala chini ya mojawapo, siku nne za mvua.
Huenda mimi ndiye ninayedaiwa asante na baba yako."
"Alishafariki."
"Na wangu pia. Mkwepu. Lihami.
Na yule mpishi wetu, ambaye jina lake
nakuja kila mwaka kusubiri walitaje
ili nilikumbuke."

Kunguru akatua jukwaani, akachagua ua moja,
akaliacha.

Sijawahi kuvaa gwanda. Zamu yangu ya JKT
niliugua, au nilisema naugua.
Lakini nikasimama, nikabana visigino vya kandambili,
nikatoa ile sauti ya kuwaitia vijana mvua inapokuja:
"Kikosi! Tawanyika!"

Akainuka papo hapo, goti moja likilalamika.
Hakupiga saluti, wala mimi sikustahili.
Alikibeba kiti mwenyewe mpaka kwenye Canter,
akakataa kusaidiwa,
akakipachika juu ya vingine, akakisukuma kidogo,
akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama kimenyooka.
Kisha akashika njia ya Gerezani,
kofia bado mkononi.

Usiku, kwenye daftari, nikaandika:
Mnazi Mmoja. Viti 420. Vimerudi vyote.
Upande wa malipo uko wazi.
Wenye kushukuru wamesema nipige simu Jumatatu.