Mwavuli

Leo tumekatazwa viatu vya visigino.
Nasimamia kwa ndara, Hirosaki,
theluji imepanda hadi kifua cha dirisha.

Kusoma kuliisha alasiri, kurasa sita za nyuki.
Sasa ni masikio.
Kila mmoja na kidude chake, waya wake,
nami sisikii kitu:
naona tu picha nne za mwavuli
na penseli thelathini zikisita.

Ndipo tumbo la Kanade likanguruma,
kirefu, kama meza inayoburutwa ghorofa ya juu.
Shingo yake ikaiva.
Lugha hiyo sote tuliielewa
bila kurudiwa.

Mlangoni, akifunga skafu, akaninong'oneza
kwa lahaja ya bibi yake:
“Mwalimu, ule mwavuli
waliusahau wapi?”