Unene wa Ukuta

Kampuni ilituletea kisanduku cheupe, cha bure,
na cha bure, tunajua, kina bei yake:
modemu na ruta ndani ya gamba moja,
kama mke na mume wasioweza kuhamishana chumba.
Kilikaa ukumbini, pale waya wa simu unapoingia,
chini ya makoti, juu ya viatu vya mvua.
Huku Blaenau mvua haiishi,
basi na viatu havikauki.

Jikoni, hatua kumi na moja, hapakufika kitu.
Kati yetu na kisanduku umesimama ule ukuta:
mawe ya kibluu aliyoyakata mlimani babu yake Idwal,
unene wake mkono wangu mzima,
kuanzia begani hadi nchani mwa kidole.

Jumapili Heledd hupiga simu ya video kutoka Trelew,
Patagonia, anakowafundisha watoto Kiwelisi.
Mimi humsikia. Idwal hasikii.
Miaka thelathini na miwili ya kekee za machimboni
ilimla masikio yote mawili.
Yeye husoma midomo.
Sasa niambie: midomo ikiganda katikati ya neno
itasomwaje?
Sauti ilitangulia, picha ikaja nyuma ikichechemea,
na mume wangu akawa anajibu maswali yaliyokwisha kupita.
Siku moja binti aliganda, mdomo wazi, macho yamefumbwa.
Idwal akasimama, akashika kiti: analia!
Kumbe alikuwa anapiga chafya.

Nikapanda basi hadi Porthmadog.
Gethin wa dukani alinionyesha ruta nyeusi
yenye antena nane, kama buibui aliyelala chali.
"Hii, Bi Pugh, inafika mpaka bustanini."
Sina bustani. Nina ukuta.
Akanionyesha vitatu vidogo, vya mviringo kama mayai,
vya kupokezana neno hewani, chumba kwa chumba.
Vizuri kweli. Bei yake makaa ya baridi nzima.
Akauliza vyumba vingapi, watu wangapi,
kama kuna anayecheza michezo usiku.
Unene hakuuliza.
Nikatoa uzi mfukoni, nilioupima na kuufunga fundo,
nikaunyoosha juu ya meza yake.
Akautazama. Akakohoa. Akamrudisha buibui rafuni.
"Kwa huu," akasema, sasa polepole, "hewa haitoshi.
Modemu ibaki mlangoni.
Ruta iwe jikoni, hata hii ya pauni arobaini.
Kati yao, waya."
Na waya utapita wapi?
Hilo hakulijua.

Idwal alilijua.
Nilimwandikia nyuma ya bahasha: *Tunahitaji tundu.*
Alisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni
kama barua ya kuitwa kazini.
Akaweka shavu juu ya jiwe, akagonga kwa kifundo cha kidole,
akagonga tena, chini kidogo, akitafuta kwa mfupa wa taya
mahali ambapo jiwe lingekubali.
Akatoboa tangu saa nane mpaka giza.
Vumbi la kibluu kwenye siagi, kwenye pazia,
paka akawa wa rangi nyingine.
Mimi niliziba masikio.
Yeye hakuwa na haja.
Kisha waya ukachungulia jikoni, mwembamba, wa kijivu,
kama mkia wa panya aliyeghairi safari.

Taa nyekundu. Taa ya manjano, kwa muda mrefu, muda wa chai mbili.
Kijani.

Jumapili Heledd akatokea juu ya meza,
midomo na sauti zikienda sambamba.
Nikageuka nimtafsirie Idwal, kama siku zote.
Akainua mkono kunizuia.
Akatazama, akatazama,
halafu akanigeukia mimi, mwenye masikio yangu mawili:
"Anasema," akasema, "nyumba yetu ina vumbi."