Kiti cha Kushoto

Kila asubuhi nikiwasha, mwanamke wa Kijapani
husema maneno yake yaleyale ndani ya dashibodi.
Mwaka wa nne huu, sijui ananiamkia au ananionya.
Namjibu tu: marahaba.

Eskudo ya kijivu, namba B,
nilimnunulia Mzee Bugingo wa Nyegezi
kwa pesa za keki: kipaimara, sendofu, harusi,
na ile ya ghorofa tano ya diwani
aliyenilipa nusu, nusu akaniahidi mpaka leo.

Watu huuliza: inakula mafuta?
Inakula. Nani hali?
Huuliza: inapanda?
Bugarika, mvua imetoka kukatika,
mawe yanateleza kama mgongo wa kamongo,
naweka gia ya kwanza, nafunga mdomo.
Inakohoa mara moja, kama mtu anayeomba nafasi kikaoni,
kisha inapanda.
Pikipiki zinasukumwa, sisi tunapanda,
mpaka ziwa linachungulia kati ya majabali mawili
na mimi nakumbuka kupumua.

Huuliza: inatikisa?
Hapo sijibu kwa mdomo. Nafungua boksi.
Toka Igoma hadi Sengerema, matuta ya Usagara,
matuta ya shule, matuta ambayo kijiji kimejichimbia chenyewe usiku,
waridi la sukari la ghorofa ya juu
likifika limesimama, shokomzoba ni nzima.
Likifika limelala, nampigia Magesa.

Magesa, fundi wa Mabatini, ana sikio la mkunga.
Huinama, humwambia kijana: kanyaga. Acha. Kanyaga.
"Bushi," husema. Au: "Bolijointi hiyo, dada, inaaga."
Kuna mwezi niliuza keki kumi na moja
zote zikaishia kwenye rejeta.
Spea ya kweli huja na basi toka Dar, siku mbili;
ya uongo ipo hapo hapo, inang'aa kuliko ya kweli.
Nimejifunza: king'aacho sana dukani hakifiki Magu.

Kitu kimoja tu sijakitengeneza.
Kiti cha kushoto kimelala chali, hakiinuki.
Magesa alisema elfu arobaini, nusu saa.
Nikasema Jumatatu.
Jumapili, nikitafuta tochi, nikatoa daftari la Mzee,
lina doa la oili, mwandiko wa karani wa pamba:

Oili, lita nne. Plagi. Tairi la nyuma, kulia.
Feri ya Kigongo, foleni saa tatu.
Kisha wino unageuka mwekundu.
Kilomita 9, Bugando.
Kilomita 9, Bugando. Kiti nimekishusha kidogo.
Kilomita 9, Bugando. Nimekishusha tena, anasema afadhali.
Kurasa nne. Hakuna oili, hakuna plagi.
Halafu: Kilomita 9, nyumbani. Peke yangu.
Halafu bei ya kuuzia, imekatwa mara mbili,
kila mara chini zaidi.
Na mimi bado niliomba punguzo.

Jumatatu nilibadilisha oili tu.
Magesa alikitazama kiti, akanitazama mimi,
akaendelea kufuta mikono.

Juzi nilimkuta Mzee Bugingo pale Buhongwa, ananunua viazi.
Akaizunguka gari, akagusa tairi kwa ncha ya kiatu.
"Ukifunga breki, bado inavuta kushoto?"
Nikamwambia inavuta.
"Ndivyo ilivyo hiyo," akasema.
Dirisha la kushoto hakulichungulia.
Alilipa viazi, akasahau chenji.

Leo ni harusi ya Kisesa, ghorofa nne,
gredi imepita barabarani, kwa hiyo hakuna anayejua imeacha nini.
Boksi refu nimelilaza kwenye kiti cha kushoto,
nimelifunga mkanda.
Mwanamke wa dashibodi amesema alichosema.
Tuta la kwanza, polepole.