Matamvua

Kila Agosti wananiletea mashati.
Karani wa benki, muuza simu, mwalimu wa hesabu,
dereva wa tuktuk aliyejipa jina Teksasi.
"Fundi Lali, nitilie matamvua mikononi,
yacheze nikipiga gitaa."
Nawatilia. Ni matamvua ya mapazia,
shilingi themanini mita.
Ng'ombe wamemwona buchani,
farasi hawajampanda,
na buti za mitumba huwapika miguu kama muhogo.
Lakini usiku ule, uani kwa kinu cha pamba kilichokufa,
jenereta ikishakohoa na taa zikashika,
humcheki mtu.

Kitsao alikuwa wa mwisho siku zote.
Alishuka kutoka Marereni na chumvi kwenye kope,
miaka kumi na tisa ya kusukuma toroli,
vidole vimepasuka,
na uzi wa gitaa unapita papo hapo palipopasuka.
Nilimuuliza mara moja: haiumi?
"Inauma. Ndiyo bluzi hiyo, fundi.
Wenzangu wanaitafuta redioni."

Kifua, inchi arobaini.
Mwaka uliofuata, thelathini na nane.
Mwaka jana, thelathini na nne na nusu,
nami ile nusu niliiandika daftarini kwa makini
kwa kuwa sikuwa na la kusema.

Mwaka huu shati lilikuwa tayari, la samawati,
limebakiwa na deni la mia tatu.
Jumatano hakuja.
Alhamisi nilipiga pasi kola, mara ya pili.
Ijumaa baada ya swala akaja binti, Mbeyu,
gitaa kalifunga kanga mgongoni kama mwana mchanga.
Alizihesabu mia tatu juu ya cherehani,
sarafu kwa sarafu, zina vumbi jeupe.
Habari za babake hakunipa. Sikuuliza.
"Nipunguzie mikono," alisema.
"Matamvua yaache."

Nilifunga duka mapema,
jambo ambalo Barke, mke wangu, hajaliamini hadi leo.
Teksasi aliimba treni,
na Malindi hii haijui reli,
lakini watu walifuta macho kwa ajili ya treni ile.
Mwalimu wa hesabu aliililia milima asiyojua iko wapi.
Adhana ya isha ilipotoka magitaa yote yalilala mapajani.
Jenereta peke yake iliendelea. Haina dini.

Kisha yeye, shati limemfika magotini.
Hakuimba kile Kiingereza cha puani.
Aliimba Kigiriama, polepole,
gumba likigonga uzi wa chini
kama gurudumu juu ya ubao:
jinsi gunia linavyopimwa mara mbili,
mara ya kwanza mbele ya mchukuzi,
ya pili akishageuka;
jinsi mizani ile ikikosea
hukosea upande mmoja tu.

Mshereheshaji alishika maiki. "Jamani, hii nayo ni kantri?"
Kwa mzaha, lakini aliuliza.
Kimya.
Halafu mama wa viazi karai, kutoka nyuma, mwiko mkononi:
"Imetoka Marereni! Wewe wataka kantri gani tena?"

Marehemu mama alinifunza kuhesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane kule, shairi lisichechemee.
Nilijaribu kumhesabia Mbeyu pale gizani.
Kumi. Sita. Kumi na moja. Tisa.
Hazikulingana hata mbili.
Nikakunjua vidole, nikasikiliza.

Kuna jambo sikumwambia.
Mikono ile sikuikata.
Niliikunja kwa ndani, nikaipiga mshono mrefu,
ule unaofumuka kwa wembe mara moja.
Kitambaa kipo. Inchi nne, kila upande.
Kwa yeyote kati yao
atakayekuja Agosti.