Njia ya Pili

Tiketi shilingi elfu mbili, mtoto nusu bei.
Bulugu, mwongoza wageni, ana filimbi shingoni
na viatu vya mvua siku ya jua kali.
"Njia ya kwanza ni fupi, ina mzinga na mlingoti.
Ya pili ina miiba. Mnataka ipi?"
Nkwimba, mpwa wangu, keshaingia miibani.

Mawe ya Mwanza yamepandana kama mizigo ya wahamaji,
jiwe juu ya jiwe, wala hakuna aliyeyafunga kamba.
Handaki limejaa upupu.
Pimbi ametoka kuota jua penye tundu la bunduki.
Chini kule, kivuko cha Kamanga kinalikata ziwa
polepole, mkasi butu kwenye kitenge kipya.

Kibao chasema: hapa alilala kapteni.
Kibao chasema: hapa palikuwa jiko la maofisa,
na hapa zizi, farasi wawili.
Majina ya farasi yapo.

Tunapanda. Vibao vinaisha.

Kwenye bamba la mwamba kuna vishimo,
laini kama kisigino cha mtoto mchanga.
"Bao?" nauliza.
"Si bao. Wanawake walisaga hapa mtama wa kambi,
usiku, ili kukicha askari wale.
Na hii mistari, mtu alihesabu kitu.
Siku, au mizigo. Sijui, na chumvi siongezi."
Nahesabu nami. Nafika arobaini na moja;
iliyobaki imemezwa na kuvu.

Nkwimba anachovya kidole kishimoni,
maji ya mvua ya juzi.
"Vita ile, babu yake babu alikuwa upande gani?
Wa Wajerumani, au wa Waingereza?"

Namtazama Bulugu. Bulugu anatazama viatu vyake.
Nyumbani tulirithi kwa mzee yule kitu kimoja:
ngata ya nyasi, imekauka, ina umbo la kichwa chake,
na bibi alikataza isichomwe hata kuni zilipokosekana.

"Upande wa mzigo," nasema.

Hajibu. Anaokota jiwe, analitua utosini,
dogo kwanza, kisha kubwa kuliko lile,
anakwenda nalo hatua saba, shingo imesimama,
mikono ameiachia,
hadi Bulugu anapuliza filimbi:
hairuhusiwi kuhamisha mawe.

Analirudisha.
Si pale alipolitoa.