Ramani ya Unga

Baba yangu Mshamu hajavuka maji
zaidi ya yale ya kivuko cha Kigamboni,
ila Ghuba ya Korintho anaijua kwa viganja.
Alifundishwa saa tisa usiku, Mtaa wa Mkwepu,
juu ya meza ya tanuri la Bwana Thanasi,
Mgiriki wa Galaksidi, aliyeletwa mdogo
na babaye mlima mkonge,
akaishia kuoka mikate.

Kabla ya kukanda, Thanasi alinyunyiza unga,
akachora kwa kidole:
“Kusini Egio. Kaskazini kwetu.
Magharibi koo, jembamba hivi,
jogoo wa ng’ambo anakuamsha wewe.
Mashariki, shingo ya nchi kavu:
wa kale waliburuta merikebu juu ya mawe,
wajukuu wakaikata kwa baruti,
sasa meli zapita kama uzi tunduni mwa sindano.”

Baba akauliza la mwokaji:
“Maji yake yana chumvi?”
“Yana chumvi, Mshamu. Na yana mji ndani.”
Akabana chumvi, akaidondosha kusini. Eliki.
Usiku mmoja wa baridi ardhi ilitikisika,
bahari ikapanda kuufuata,
na kulipokucha hapakuwa na wa kuitikia hodi.

Halafu ufuta, gao mbili, pale kooni:
hizi merikebu za Sultani, hizi za Wakristo,
makasia kwa makasia, siku moja.
Baba, na kofia yake ya kiua,
akataka kujua nani alishinda.
Thanasi akaupuliza ufuta wote sakafuni.
“Samaki,” akasema.

Kisha maji ya uvuguvugu, hamira,
na ghuba nzima ikakunjwa, ikapigwa ngumi, ikaumuka.
Asubuhi Upanga na Kisutu
walichovya Korintho kwenye chai
wasijue.

Mwaka ule nyumba zilipobadili wenyewe
Thanasi aliondoka na sanduku moja.
Ikaja kadi, moja tu:
*Mshamu, huku tulikuwa waunda majahazi,
moshi wa meli ukatumaliza kabla sijazaliwa.
Tumebaki na siku moja kwa mwaka
ya kurushiana unga barabarani
hadi hatujuani nani ni nani.*
Baba alikunja uso.
“Unga! Watu wazima!”
Lakini kadi hakuitupa.

Sasa yuko Mbagala, kwa kaka yangu.
Mimi ananiita kwa jina la shangazi, marehemu Zawena.
Wifi analalamika: kila siku sembe mezani,
mzee anachora bandari.
Na mimi nilidhani hivyo,
koo jembamba la Magogoni, tumbo la Kurasini,
kazi yangu ni kupima ardhi, maumbo nayajua,
hadi nilipoona kidole kikikata mashariki,
polepole, kama anayefungua barua.
Bandari yetu haina mlango wa pili.

Nikamwambia nililosoma ofisini:
Baba, ghuba ile inapanuka.
Pwani moja inaikimbia nyingine,
upana wa ukucha kwa mwaka.

Akanyamaza mpaka chai ikaota utando.
“Tangu aondoke?”
Nikapiga hesabu, nikavuta futi kamba
juu ya unga, ikapita ukingo wa meza,
ikaning’inia:
sentimita sabini na kitu, Baba.

Akaitazama kama tonge la mgeni.
Kisha akasimama, mkono mezani,
goti likilia,
akapiga hatua moja.

“Hapa,” akasema. “Si mbali.”

Wifi alikuja na ufagio,
akaona unyayo mweupe sakafuni,
akauzunguka.