Jedwali la Tatu

Nilianza kwa kujiamini: mfugaji mmoja, ng'ombe wengi,
mstari mmoja toka jedwali hadi jedwali.
Tukuyu mvua ilitwanga bati la kituo cha maziwa.

Akaja Tusajigwe, ndoo kichwani.
"Huyu Madoa ni wa Ambakisye.
Mimi namlisha. Ndama wa pili ndiye wangu."

Nikaufuta mstari.
Kati yao nikachora jedwali jingine, jembamba,
lisilo na jina la mtu wala la ng'ombe,
namba mbili tu zilizoshikana
na tarehe.

Mwezi wa tano tukamzika Ambakisye.
Nikajaribu kumfuta; kompyuta ikagoma:
kuna lita arobaini na moja
bado zinamtaja.

Basi yupo, safu ya kumi na saba,
na Madoa anakamuliwa alfajiri.